Nyiragongo 2021: kama mlima haukutoa dalili, vyombo vinapima nini?

mwalimu_himbi

Jambo wandugu. Utafiti uliotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2022 unasema mlipuko wa volkano ya Nyiragongo, tarehe 22 Mei 2021, ulikuja bila dalili za kutangulia. Hapa Goma, mji wa Kongo ulio chini ya mlima huo, watu wamegawanyika: wamoja wanasema vyombo vililala, wengine wanasema volkano haipimiki hata ufanye nini. Ukweli ni upi? Halafu kuna hili ambalo wanafunzi hawaniachii: magma (mwamba ulioyeyuka ukiwa bado chini ya ardhi) ilipita chini ya Ziwa Kivu, mbona gesi iliyoyeyuka ndani ya ziwa haikulipuka? Naomba majibu yenye hesabu, si ya kutuliza roho.

mawe_meusi

Mwalimu, wote wawili wamekosea. Vyombo vilikuwepo na vilirekodi: sismografu (vipima-tetemeko), vituo vya GPS na picha za rada za setilaiti. Bila rekodi hizo utafiti wenyewe usingeandikika. Tatizo liko kwenye kile vyombo vinachosikiliza.

Volkano nyingi zinatoa onyo kwa sababu magma inatoka chini na kujipasulia njia. Mwamba ukivunjika kuna tetemeko, ardhi inavimba sentimita chache, gesi inabadilika. Nyiragongo ni mlima ulio wazi: kabla ya 2021 ziwa la lava lilikuwa ndani ya kreta, zaidi ya mita 1,000 juu ya mji. Magma ilishafika. Hakukuwa na safari ya kusikiliza.

Chukua tanki ya maji iliyo juu ya nyumba. Imejaa miaka mingi, pampu imezimwa, kimya. Siku ukuta wa tanki ukipasuka, maji yanamwagika papo hapo, na hakuna mtu angesikia pampu. Sasa weka lava badala ya maji: uzito wake ni karibu kilo 2,600 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo kila mita 100 za kimo zinaongeza presha ya karibu bar 26 kwenye kuta (bar 1 ni karibu presha ya hewa ya kawaida) (ikiwa na mapovu mengi, inapungua). Kuta zenyewe zimechomwa miaka na miaka, na ufa mkubwa wa Afrika Mashariki unazivuta pande mbili. Watafiti wanaona kwamba uwezekano mkubwa ni kuwa mwili wa mlima ndio uliopasuka kwanza.

Kinachowashangaza wanasayansi ni mpangilio. Kwa kawaida magma inatembea chini ya ardhi, halafu inatoka. Safari hii lava ilitoka kwa muda wa saa 6 hivi, ndipo magma ikaanza kusafiri upande wa kusini, kilomita 25, chini ya Goma na Gisenyi (mji jirani wa Rwanda) hadi chini ya ziwa, kwenye kina kisichofika mita 500. Yale matetemeko ya wiki nzima na nyufa za barabarani ndizo alama zake. Kwa hiyo wale wanaosema amri ya kuhama ya tarehe 27 Mei ilikuwa ya bure, kwa kuwa lava haikutoka mjini, wanahukumu mchezo baada ya kujua matokeo. Mita 500 ni kitu kidogo sana kwa magma iliyokwisha kwenda kilomita 25.

sismo_bkv

Naongeza kidogo, maana «bila dalili» inasomwa vibaya. Kulikuwa na ishara, ila ya dakika 40 hivi kabla ya lava kuonekana: mitikisiko, na sauti ya chini sana ambayo sikio la mtu halisikii lakini chombo chake kinaipata. Dakika 40 hazimsaidii mtu anayesubiri mkutano wa wataalamu. Zinamsaidia mtu ambaye kengele yake inajipiga yenyewe.

Hapo ndipo kazi ilipo, na si ya kununua sismografu moja ya bei kali. Kituo kitume data muda wote, si kuandika kwenye kadi ya kumbukumbu itakayochukuliwa mwisho wa wiki. Umeme wa sola uwe na betri ya kuvumilia siku kadhaa za mawingu na majivu. Kompyuta ilinganishe vituo visivyopungua vitatu kabla ya kupiga kengele, kwa sababu kituo kimoja kitadanganywa na radi, lori au ng'ombe anayejikuna kwenye nguzo. Ukiweka kiwango chini mno, kengele italia kila wiki na watu wataizoea. Ukikiweka juu mno, umezila zile dakika 40. Picha za setilaiti hazifai kwa kazi hii: setilaiti inapita kila baada ya siku kadhaa. Picha hizo ni nzuri kwa kueleza kilichotokea, na kwa kufuatilia kreta ikianza kujaa tena.

mwalimu_himbi

Aksanti. Tanki naipeleka darasani kesho. Na ziwa?

kemia_ya_ziwa

Hesabu ni rahisi kuliko hofu. Maji yanaongeza karibu bar 1 kwa kila mita 10. Kwenye mita 300 kuna bar 30 hivi zinazobana. Povu haliwezi kuzaliwa mpaka presha ya gesi iliyoyeyuka ishinde presha ya maji, na Kivu kwenye kina hicho presha ya gesi ni karibu nusu tu ya presha ya maji. Maana yake: ndoo ya maji kutoka mita 300 lazima uinyanyue hadi karibu mita 150 ndipo ianze kutoa mapovu. Tetemeko la kawaida halinyanyui maji mengi kiasi hicho. Pia maji ya chini yamebaki chini kwa uzito wake: ni ya moto kidogo kuliko ya juu, lakini chumvi na gesi kaboniki (CO2) zinayafanya mazito, na ngazi kubwa ya uzito, yaani mpaka kati ya maji mepesi ya juu na mazito ya chini, iko karibu na mita 260.

Jambo ambalo wengi hawalijui: ziwa lina karibu kilomita za ujazo 300 za gesi kaboniki na 60 za metani, gesi inayowaka (zikipimwa kwa presha ya kawaida ya nje), ila metani ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya presha, kwa sababu inayeyuka kwa shida sana kwenye maji. Ndiyo maana kuchota metani, kama mtambo wa KivuWatt wa megawati 26 unavyofanya upande wa Rwanda, kunapunguza hatari, mradi maji yanayorudishwa yafike kwenye kina sahihi. Ukiyaachia juu mno, unavuruga ngazi ile ile inayotulinda na kupandisha mbolea inayolisha mwani.

Kuhusu gesi kuongezeka: mwaka 2005 kulikuwa na makala yaliyoogopesha kwamba metani inapanda haraka. Mwaka 2018 timu kadhaa zilipima ziwa pamoja kwa njia tofauti, na matokeo yaliyotoka 2020 yanaonyesha kiasi karibu hakibadiliki. Kosa la vipimo vingi ni chupa: ukivuta maji juu, presha inashuka, gesi inakimbia kabla hujafunga. Pima huko huko chini, au tumia chombo kinachofungwa kwenye kina chake.

Hatari halisi ingekuwa lava nyingi kutokea ndani ya maji ya chini kabisa. Mwaka 2002 lava iliingia ziwani kutoka ufukweni na haikufika huko.

sismo_bkv

Darasani usiwachanganyie ziwa na mazuku. Mazuku ni gesi kaboniki inayotoka ardhini na kulala mabondeni, kwa kuwa ni nzito mara 1.5 kuliko hewa. Alfajiri isiyo na upepo ndiyo mbaya zaidi. Taa ya mafuta si kipimo: hewa yenye asilimia 4 ya gesi hiyo ni hatari tayari, na moto bado unawaka. Vile vidude vya bei rahisi vya kupima gesi hiyo ndani ya nyumba, vingi vinaishia ppm 5,000 (sehemu 5,000 kwa milioni), yaani asilimia 0.5. Tafuta kipimo cha infraredi kinachofika angalau asilimia 20, kifunge kwenye fimbo, kiteremshe hadi usawa wa magoti ukiwa umesimama pembeni. Mbuzi akianguka shimoni, mvuteni kwa kamba. Asishuke mtu.