Naishi Ireland, naandika hadithi fupi: nilipie warsha nyingine, au nizunguke kwenye usomaji na matamasha?

BintiPugu (mleta uzi)

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu.

Naishi Ennis, kaunti ya Clare, magharibi mwa Ireland. Nahudumia wazee kwenye kituo cha kulelea wazee, zamu nyingi za usiku. Nikitoka asubuhi, kabla ya kulala, naandika. Hadithi fupi, zaidi kwa Kiingereza kwa sababu wasomaji walio karibu nami ni wa hapa.

Mwaka jana nililipia kozi ya jioni ya uandishi, sehemu sitaitaja. Mwalimu mpole, chai ipo, biskuti zipo. Zamu yangu ilipofika nikasoma kurasa mbili za hadithi ya mkulima mzee ambaye kila baada ya chai ya saa kumi anaficha kipande cha mkate kwenye mfuko wa sweta, anamwekea mbwa wake. Mbwa alishakufa zamani. Wahudumu wanajua, kwa hiyo usiku wanautoa ule mkate mfukoni na kuutupa ili asubuhi mzee aamini mbwa amekula.

Nilipomaliza kukawa kimya. Mama mmoja akaniuliza kama sina hadithi ya kwetu. Mwingine akasema angependa zaidi kusikia safari yangu ya kuja huku. Jamani, nilikuja kwa ndege, na kibali cha kazi, nikapanda basi kutoka Dublin! Mwalimu naye akamalizia kwamba nitafute sauti yangu halisi. Tangu hapo nikiisoma ile hadithi najiona kama nimeazima nguo ya mtu.

Naombeni ushauri kwa mnaoijua Ireland. Je, nilipie warsha nyingine au basi? Matamasha ya fasihi nayasikia kila mwezi, lakini sijui lipi linamfaa mtu wa kipato changu na off za siku mbili mbili. Kuna rafiki ananisukuma nikasome shahada ya uzamili ya uandishi. Makaratasi yangu yako sawa, nina Stamp 4, kibali cha kuishi na kufanya kazi hapa.

---

Chapwa

Dada, lala. Unatoka zamu ya usiku unakaa kuandika habari za mikate ya wazee, utazeeka wewe kabla yao. Piga overtime, umalizie banda lako Kigamboni.

---

Mkono wa Kushoto

Achana na Chapwa, huyo kila uzi ni Kigamboni.

BintiPugu, hiyo hadithi ni nzuri, na nakwambia kama mtu niliyekaa kwenye hizo warsha Dublin kwa muda. Kabla ya kulipa senti nyingine, panda basi namba 51 uende Galway kwenye usomaji wa Over the Edge. Ulianza 2003, na umejulikana zaidi pale maktaba ya jiji. Kwanza wanasoma waalikwa, kisha yeyote aliyejiandikisha anapewa dakika zake. Hakuna wa kukusahihisha. Unasoma, wanapiga makofi, unakaa. Ila utajifunza kitu ambacho mwalimu hawezi kukupa: utasikia ni sentensi gani imewafanya waache kujikunakuna na ipi imewarudisha kwenye simu zao. Kuwa macho na ratiba ya basi la kurudi.

Na hapo hapo Ennis mna Ennis Book Club Festival, wikiendi ya mwanzo ya Machi. Lile ni tamasha la wasomaji hasa, vilabu vya vitabu vinakuja kutoka nchi nzima. Wengi wanaoandika hulipita kwa sababu hakuna mtu wa kuwapokea miswada. Mimi nasema wewe ndiye wa kwenda. Kaa nyuma usikilize akina mama wa Mayo na Tipperary wakikichambua kitabu, utajua msomaji wa Ireland anavumilia nini na kipi kinamchosha.

Warsha usiziache, ila chagua. Irish Writers Centre iko Parnell Square, Dublin, tangu 1991, na nyingi ya kozi zao siku hizi unaweza kuzifanya mtandaoni ukiwa na nguo za kulalia. Usichague kozi kwa jina lake, chagua anayeiongoza. Nenda maktaba, uanachama ni bure na faini za kuchelewesha vitabu zilifutwa nchi nzima 2019, azima alichoandika huyo mwalimu. Ukiona hadithi zake hazikugusi, maoni yake juu ya mkate wako yatakusaidia nini? Halafu waandikie uulize: tutakuwa wangapi, na nitarudishiwa maoni kwa maandishi au ni ya mdomo tu? Kundi likizidi kumi na wawili, hesabu mwenyewe utasomwa mara ngapi.

Shahada iache kwanza. Vyuo vikuu vya Galway na Limerick wanayo, UCD na Trinity za Dublin pia, na ni nzuri. Lakini ni mwaka mzima, na kabla hujafika kwenye ada waulize kama wewe ni wa ada ya Umoja wa Ulaya au ya mgeni, maana tofauti yake inatisha.

---

NesiWaZamu

Nami nipo kwenye sekta hiyo hiyo, nina neno moja ambalo mwenzangu hapo juu hakuligusa. Huyo mzee yupo kweli?

Kama yupo, dada, soma tena mkataba wako sehemu ya usiri. Vituo vyetu vinakaguliwa na HIQA, mamlaka ya ubora wa huduma za afya, na familia za wazee zinasoma vitabu na kusikiliza redio kuliko unavyodhani. Clare ni ndogo. Ukisema mkulima fulani, kijiji fulani, mbwa wa rangi fulani, binti yake atamjua kabla hujafika aya ya pili. Sikwambii usiandike. Badilisha mpaka asitambulike, mpe kazi nyingine, mpe kaunti nyingine. Na uandikie nyumbani, si kwenye kompyuta ya kazini.

---

BintiPugu

@NesiWaZamu asante. Yule wa kwenye hadithi ametokana na watu kadhaa, na mbwa nimemtunga. Mkate ndio wa kweli. Lakini nitapitia tena, maana jina la kijiji nimeliacha.

@Mkono wa Kushoto, kusoma mbele ya watu ndiyo shughuli. Lafudhi yangu ni ya Pugu Kajiungeni hata nikisema "thank you".

---

Omosh wa Leeside

Habari dada, mimi Mkenya niko Cork. Lafudhi isikusumbue kabisa, ngoja usikie mtu wa Kerry akisoma shairi ndio ujue hata wenyeji hawaelewani.

Huku Cork tuna Ó Bhéal, usiku wa mashairi ulioanza 2007 ghorofani kwa baa ya Long Valley. Kinachonifurahisha ni kwamba hadhira inataja maneno matano, yeyote yale, na walioko ukumbini wana robo saa kutunga shairi lenye hayo yote. Nishawahi kuona mtu amekunja uso juu ya karatasi ya kubeti mbio za farasi akijaribu kuunganisha kabichi na askofu. Baada ya hapo hakuna anayekumbuka lafudhi ya nani. Ilizoeleka Jumatatu, lakini hakikisha ratiba kabla ya kutoa nauli.

Kwa sababu unaandika hadithi fupi, tamasha lako ni la huku. Munster Literature Centre, wako Douglas Street kwenye nyumba alikozaliwa Frank O'Connor, yule mwandishi wa hadithi fupi, ndio wanaandaa Cork International Short Story Festival kila vuli. Ni hadithi fupi tu, hakuna kusongamana na wapishi na wanasiasa waliotoa vitabu. Unakaa mistari miwili kutoka kwa mwandishi, akimaliza unamfuata kumuuliza. Wana shindano pia la Seán Ó Faoláin, lina kiingilio.

Tamasha la Cúirt la Galway, Aprili, ni kubwa na ya zamani, tangu 1985. Hiyo enda kama mtu wa kujitolea. Unasimama mlangoni kukagua tiketi na ukiwa off unaingia kusikiliza.

---

BintiPugu

Kuna mtu kazini ameniambia kuhusu shule ya kiangazi ya John Hewitt kule Armagh, eti wanatoa ufadhili kwa wasio na uwezo. Nayo vipi?

---

Mkono wa Kushoto

Ni ya kweli, ni wiki moja mwishoni mwa Julai, asubuhi mihadhara, mchana warsha, na ufadhili upo kweli. LAKINI Armagh ni Ireland ya Kaskazini, yaani Uingereza. Una pasipoti ya Tanzania? Basi unahitaji viza ya Uingereza, Stamp 4 haikuvushi. Mpakani hakuna geti wala askari, basi linapita tu, na hapo ndipo watu wengi hujisahau. Kisheria uko bila ruhusa. Ukiitwa kusoma Belfast au Bellaghy, huko huko Kaskazini, ni vilevile. Omba viza mapema au subiri uraia.

---

Ustaadh Mpekuzi

Mbona hakuna aliyemtajia Skein Press? Wachapishaji wa Dublin hao, wamejikita kwa waandishi ambao soko la Ireland lilikuwa haliwaoni. Ndio walimchapa Melatu Uche Okorie 2018, Mnaijeria aliyeishi miaka kwenye makazi ya waomba hifadhi huku akiandika. Kisha wakaanzisha ufadhili wa Play It Forward pamoja na jarida la The Stinging Fly. BintiPugu, hapo ndipo nyumbani kwako.

---

Mkono wa Kushoto

Hapo nitapingana nawe kidogo, Ustaadh. Skein ni watu wa maana na wamefungua milango. Ila angalia alichosema dada: kilichomuumiza ni kuambiwa aandike yanayotarajiwa kwa Mwafrika. Ukimwelekeza kwanza kwenye mlango wa wageni umerudia lile lile kwa adabu zaidi. Hadithi ya mkate ni hadithi ya Clare. Aipeleke The Stinging Fly moja kwa moja kama Mwayalandi yeyote. Wapo tangu 1997, wanatoka mara mbili kwa mwaka, wanalipa. Banshee, jarida jingine, nao wanasoma. Na lipo shindano la hadithi fupi la RTÉ, shirika la utangazaji la taifa, tangu 1986, maneno kati ya 1,800 na 2,000, zinazopita zinasomwa redioni na waigizaji. Hadithi ya mzee na mbwa, redioni, usiku. Fikiria.

---

Ustaadh Mpekuzi

Rahisi kusema ukiwa umeshaingia. Play It Forward iliwapa waandishi pesa na mlezi wa kazi yao kwa mwezi hadi mwezi, haikuwapangia mada. The Stinging Fly wanapokea lundo, dirisha likifunguka linafungwa, jibu unangoja mpaka unasahau ulituma nini. Mtu wa zamu za usiku anahitaji mtu wa kumjibu. Atume huko na huko, kwani amekatazwa?

---

Omosh wa Leeside

Nyinyi wawili pigeni tu, mimi naongezea mambo ya mkwanja.

Kila kaunti ina afisa wa sanaa kwenye halmashauri. Mwandikie wa Clare, mwambie wewe ni mwandishi mkazi wa Ennis. Halmashauri nyingi hulipia waandishi wao kukaa Tyrone Guthrie Centre, Annaghmakerrig, kule Monaghan. Ni jumba la zamani kando ya ziwa, limefunguliwa kwa wasanii tangu 1981. Unapewa chumba na meza, mchana kutwa ni wako, sharti ni moja: saa moja jioni wote mnakula meza moja. Mchoraji, mtunzi wa muziki na wewe na mkate wako. Monaghan iko upande wa Jamhuri, kwa hiyo viza haikuhusu.

Halafu Arts Council, baraza la sanaa la taifa, ina ruzuku ya Agility Award, hadi euro 5,000 kwa msanii. Fomu inataka ueleze utafanya nini na hizo pesa, na kununua muda ni jibu halali. Andika kabisa: nitapunguza zamu kwa wiki kadhaa nimalize hadithi.

---

Chapwa

Kumbe kuna hela? Na kodi je?

---

Omosh wa Leeside

Mapato ya kazi ya uandishi inayokubaliwa na Revenue, mamlaka ya kodi, hayatozwi kodi ya mapato hadi euro 50,000 kwa mwaka. Hiyo sheria iko tangu 1969. Tozo ya USC na mchango wa hifadhi ya jamii, PRSI, bado wanakata. Anza kuandika, Chapwa.

---

Mama wa Kilrush

Nimechelewa kuuona uzi huu. Mimi ni Mtanzania, nimeolewa huku pwani ya Clare, siandiki ila nasoma sana na tamasha la Listowel Writers' Week silikosi. Iko Kerry, mwisho wa Mei kuingia Juni, tangu miaka ya 1970. Mji wenyewe mdogo, waandishi unakutana nao kwenye foleni ya samaki na chipsi. Wana warsha za siku kadhaa mfululizo na nafasi huisha mapema, kwa hiyo ratiba ikitoka tu jiandikishe, usingoje mshahara wa mwezi unaofuata. Ukikosa warsha njoo hata kwa siku moja.

Watu wa Ennis huwa wanazunguka Limerick bure. Sisi tunapita Killimer, tunaingia na gari kwenye kivuko, dakika ishirini tuko Tarbert, kutoka hapo Listowel si mbali. Gari langu lina viti vitatu vya wazi. Niambie tu off zako za mwisho wa Mei zimekaaje, na kama zamu inaisha saa mbili asubuhi nitakupitia hapo hapo kituoni, utalala njiani.