Darasa linachangamka, alama hazipandi: tatizo liko wapi?

Mwl_Fizikia
Wakuu, naomba maarifa. Fizikia Kidato cha Pili, wanafunzi 72, kipindi cha dakika 40. Vidole vinanyooshwa, ukiuliza "tumeelewa?" wanaitikia "ndiyooo!" Likija jaribio la mwisho wa mwezi, zaidi ya nusu wako chini ya 30. Hivi ushiriki darasani unainua ufaulu kweli, au tunajifariji?

ChakiNyeupe
Mkuu, "ndiyooo" ni kiitikio, si jibu. Pima kwanza. Chora ramani ya madawati, mwombe mwalimu mwenzako akae nyuma vipindi vitatu, kila anayejibu amtie alama. Usishangae alama zikirundikana kwa watoto wanane au kumi wa mbele. Hao ndio darasa lako lililochangamka. Waliobaki wanapumzika kwenye kivuli chao.

Hesabu na sekunde. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alikuta walimu wengi husubiri kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza. Waliposubiri 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi wakajibu. Sasa mtoto anayelitafsiri kwanza swali la Kiingereza kichwani, sekunde 1 atafanya nini nayo? Uliza, nyamaza, ndipo utaje jina. Ukianza na jina, wengine 71 wameshafunga duka.

KadiNne
Kinachofanya kazi ni kila mmoja alazimike kuchagua jibu na kulitetea. Kila mwanafunzi akate A4 moja vipande vinne, aandike A, B, C, D kwa maka. Swali ubaoni: taa mbili zinazofanana zimeunganishwa mfululizo kwenye betri, ipi inawaka zaidi? A ya kwanza, B ya pili, C sawasawa, D hakuna inayowaka.

Dakika 1 kimya, kila mtu aandike herufi daftarini. Ukiruka hapo wataangaliziana. Halafu kadi juu kwa pamoja. A zitakuwa nyingi, maana wanadhani taa ya kwanza "inakula" umeme, ya pili inabakiziwa.

Kwa darasa lako, kadi za C, ambalo ndilo jibu sahihi, zikiwa kati ya 24 na 48, waache wabishane na jirani dakika 2, kwa Kiswahili, kisha wapige kura tena. Chini ya hapo fundisha upya, hawana cha kubishania. Juu ya hapo eleza kidogo usonge. Asili ya mbinu hii ni Eric Mazur wa Harvard, miaka ya 1990. Maswali mawili kwa kipindi yanatosha. La tatu litakula silabasi.

Msahihishaji
Tahadhari: mara nyingi anayenyoosha kidole ni yule ambaye tayari anaelewa, kwa hiyo ufaulu nao huzaa ushiriki. Ila Freeman na wenzake, 2014, walijumlisha tafiti 225 za masomo ya sayansi na hisabati vyuoni: palipofundishwa kwa kushirikisha, waliofeli walikuwa karibu 22%, dhidi ya 34% kwenye mihadhara. Hivyo ni vyuo, usitarajie namba zilezile kwako.

Lingine, mtihani ni wa kuandika, tena kwa Kiingereza. Ubishi wa Kiswahili usipoishia kwenye sentensi ya Kiingereza, msahihishaji hauoni. Dakika 5 za mwisho, robo karatasi yenye jina: andika ubaoni mwanzo wa sentensi, wao wamalizie sababu. Gawa mafungu matatu: wameelewa, nusunusu, bado. Ni kazi ya dakika 10. Usianze kuzisahihisha zote kwa kalamu nyekundu, wiki ya pili utaacha. Kosa linalojirudia kwenye fungu la kati ndilo la kufungulia kipindi kijacho.

Mwl_Fizikia
Nashukuru sana. Ila dawati moja wanakaa watatu, huo ubishi wa wawili wawili unagawanyikaje?

KadiNne
Wa katikati awe mwamuzi. Anasikiliza kulia na kushoto, kisha anaandika sababu iliyomshawishi. Zamu ibadilike kila swali, la sivyo mwamuzi atakuwa yuleyule mjanja wao.