Boti ya kuona mamba: Rufiji au Wami, na mtoto wa miaka 4?

Wakuu, shikamooni wa kushikamoo. Likizo ya mwezi wa sita nataka kuitoa familia Dar ikaone mamba. Siyo wale wa kufugwa kwenye bwawa, wa mtoni kabisa. Tuko sita: mimi, mke wangu, mama mkwe na watoto watatu. Wa mwisho ana miaka 4 na hatulii hata dakika mbili, ndiye anayeninyima usingizi.

Rufiji, ndani ya Hifadhi ya Nyerere, maji yakipungua mamba hulala wazi kwenye mafungu ya mchanga wakiota jua. Shida ni njia ya Kibiti hadi Mloka, gari langu liko chini mno. Mto Wami kule Saadani ni karibu zaidi, viboko wapo, ila mamba unawaona kweli au ni bahati nasibu?

Halafu boti. Majaketi ya kuokolea ya saizi ya mtoto yapo, au nibebe la kwangu? Mama mkwe ameshatangaza hapandi boti isiyo na kivuli. Na mbung'o je? Aliyekwenda na watoto wadogo anisaidie.