Mafundi, acheni kuziba paipu za breki za nyuma!

Wakuu, hili jambo limezidi. Gari la zamani lenye diski nyuma likipelekwa gereji hapa Mwanza kwa sababu breki za nyuma hazishiki, kinachofanyika ni kubandika pedi mpya bila kugusa kitu kingine. Zikikataa, fundi anaikunja paipu ya nyuma na kuiponda kwa nyundo, halafu anakwambia breki kazi yake iko mbele. Huku ni kucheza na roho za watu! Mji huu ni vilima. Anayeteremka Bugando na abiria wanne na mzigo kwenye buti anaziachia breki za mbele kazi yote. Zikipata moto kupita kiasi, mafuta ya breki yanachemka, mvuke unaingia kwenye paipu na pedali inazama mpaka chini. Aina ya mafuta ya breki iitwayo DOT 4 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya unyevu inaweza kushuka hadi 155. Ndiyo maana inabadilishwa kila baada ya miaka 2, na chupa iliyokaa wazi dukani haifai.

Mara nyingi ugonjwa ni pini za kalipa, yaani vijiti ambavyo kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) inateleza juu yake. Weka mawe kwenye matairi ya mbele, inua nyuma kwa jeki, kalisha gari kwenye stendi, gia huru, hendibreki chini. Mtu akanyage pedali wewe ukizungusha tairi: lazima likwame kabisa, na akiachia lizunguke, hata kama linakwaruza kidogo. Kisha toa tairi uangalie diski pande zote mbili. Upande wa nje ukiwa na kutu na wa ndani unang'aa, na pedi ya ndani imeisha kuliko ya nje, kalipa haitelezi. Pande zote mbili zikiwa na kutu na pedi bado nene, pistoni ya kalipa (inayosukuma pedi) imeganda au presha haifiki.

Kila kalipa ina pini mbili. Zivute, sugua kutu kwa brashi ya waya, futa matundu yake, kagua raba. Raba ikipasuka maji yanaingia, na magari yanayooshwa ufukweni huku yamezama nusu tairi ndiyo yanayoongoza kwa hili. Usibadilishane pini ya juu na ya chini, kwenye magari mengi hazifanani. Paka grisi ya breki ya silikoni, kidogo tu. Grisi ya beringi inavimbisha raba, na baada ya muda pini inabana kuliko ilivyokuwa. Pini ikiwa sawa inaingia kwa kusukumwa na kidole. Halafu vua vibati vya pale pedi inapokalia, piga tupa kutu iliyojijenga chini yake mpaka pedi iteleze kwa mkono. Hapa ndipo mafundi wengi wanaparuka, na pedi mpya inakwama siku hiyo hiyo.

Sasa pistoni. Kalipa yenye waya wa hendibreki mgongoni pistoni yake ina mikato usoni: inarudishwa kwa KUZUNGUSHWA huku ikisukumwa. Ukiikandamiza kwa klampu kama ya mbele unaua nyuzi za ndani, hendibreki inakufa na pedali inakuwa ndefu. Halafu mwenye gari anaambiwa masta (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) imekufa, anunue nyingine!

Kutoa upepo (hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki): kama paipu zimegawanywa mbele na nyuma, anza tairi la nyuma kushoto, ndilo la mbali zaidi na masta kwenye magari yetu ya usukani wa kulia. Weka kipande cha ubao chini ya pedali. Masta ya zamani ikikanyagwa mpaka mwisho, raba zake zinapita kwenye kutu ambayo hazijawahi kufika, zinachanika. Na nati ya kutolea upepo ikiwa chini ya kalipa badala ya juu, kalipa za kushoto na kulia zimebadilishwa. Utatoa upepo mpaka kesho.

JIBU LA 1
Mkuu, ongezea walionyanyua magari kwa ajili ya barabara mbovu. Baadhi ya magari ya zamani yana valvu ya nyuma yenye kijiti kilichofungwa kwenye eksili, inasoma mzigo. Ukiweka spesa (vipande vya kunyanyulia gari) kwenye springi, valvu inadhani gari ni tupu na inapunguza presha ya nyuma. Pedi hazina kosa hapo, kijiti kirekebishwe kwa kipimo cha gari husika.

MLETA UZI
Kweli kabisa mkuu. Na hozi ya raba nayo inavimba ndani huku nje inaonekana nzima. Tairi likibana hata baada ya kuachia pedali, fungua nati ya upepo: likilegea hapo hapo, presha ilikuwa imefungiwa na hozi au kitu kilicho kabla yake kuelekea masta. Ukienda gereji usikae mbali. Kabla pedi hazijarudishwa, fundi akuoneshe pini zote nne mkononi, zimesafishwa.