Nyumba imeuzwa, uhamisho wa hati umekwama mwezi wa nne sasa. Nianzie wapi?

Kona_ya_Pili:
Habari wakuu. Nauza nyumba yenye hati, Dar. Mnunuzi kalipa asilimia 30, iliyobaki inatoka benki kwa mkopo. Siku ya mkataba tulisaini kila kitu kwa wakili, pamoja na Fomu Na. 35, ile hati yenyewe ya uhamisho. Tathmini imefanyika. Tangu hapo jibu ni moja: "faili linafanyiwa kazi." Mambo matatu yananipa wasiwasi. Kwenye hati jina langu la kati limeandikwa herufi moja tu, wakati NIDA ina majina matatu kamili. Risiti za ujenzi ninazo kama nusu. Na mnunuzi ameanza kuomba ahamie huku tukisubiri. Naomba hatua za kufuata, siyo "vumilia mkuu".

Masjala:
Mkuu, "linafanyiwa kazi" siyo jibu. Faili muda wote liko mezani kwa mtu mmoja. Nenda na namba ya kiwanja na kitalu, uliza liko dawati gani na liliingia hapo tarehe ngapi. Ofisi ya ardhi ya mkoa ina vituo vyake: maafisa ardhi wa Kamishna Msaidizi, mthamini, kisha Msajili Msaidizi wa Hati. Katikati hapo kuna TRA, ambayo ni jengo jingine na foleni nyingine.

Sehemu ya kwanza ya kuchungulia ni tathmini. Ripoti ya mthamini binafsi peke yake haina nguvu mpaka iidhinishwe na ofisi ya Mthamini Mkuu wa Serikali. Watu wengi wana ripoti mkononi, nzuri, ina picha za rangi, lakini haina idhini. Bila idhini TRA hawana thamani ya kukokotolea, na bila TRA Msajili haruhusiwi kusajili. Kwa hiyo "tathmini imefanyika" na "tathmini imeidhinishwa" ni vitu viwili. Fungua ukurasa wa idhini, angalia sahihi na muhuri.

Ya pili ni kodi ya pango la ardhi. Omba namba ya malipo leo, lipa hadi mwaka huu, ambatisha risiti. Usichanganye na kodi ya majengo, hiyo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU na haifuti deni la pango. Mtu anasema "mimi silali na deni, nakatwa kila mwezi", kumbe pango lina miaka sita halijaguswa.

Ya tatu ni Fomu Na. 35 mliyosaini siku ya mkataba. Ushuru wa stempu unatakiwa ulipwe ndani ya siku 30 tangu hati kusainiwa, ukipita unadaiwa na adhabu. Mngesaini Fomu Na. 29 na 30 mwanzoni, ambazo ni taarifa na maombi ya kibali kwa Kamishna, na 35 mkaiacha mpaka thamani ithibitishwe. Sasa imeshapita. Mwambie wakili aulize kiasi cha adhabu kabla hujashtukizwa dirishani, na mkubaliane na mnunuzi nani analipa.

Kuhusu jina: herufi moja dhidi ya jina kamili kwa kawaida inamalizwa na kiapo mbele ya wakili kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Kama majina yenyewe yanatofautiana, kiapo hakitoshi. Hapo inatakiwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Weka kiapo kwenye faili sasa hivi, usisubiri uandikiwe hoja. Barua ya hoja ikitoka, mara nyingi inakaa masjala ikisubiri mtu wa kuichukua, na hapo wewe nyumbani unahesabu wiki tu.

Na kama umeoa, ridhaa ya mwenza iwe imeandikwa na kuapiwa hata kama hati ina jina lako pekee. Faili hurudi kwa hilo kila siku.

Hesabu_Kwanza:
Niongezee upande wa kodi. Kwa mkaazi, kodi ya faida ya mauzo ni asilimia 10 ya faida. Asiye na kumbukumbu za gharama analipa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Tuseme kiwanja milioni 40, ujenzi milioni 70, unauza milioni 140. Faida milioni 30, kodi milioni 3. Ukithibitisha nusu tu ya ujenzi, faida inasomeka milioni 65, kodi milioni 6.5. Asiye na karatasi yoyote: milioni 4.2, na tathmini ikija milioni 160 inakuwa milioni 4.8. Umeona? Nusu risiti ndiyo mahali pabaya kuliko pote. Kusanya ankara, mikataba ya mafundi iliyosainiwa na taarifa za benki kabla ya kupeleka chochote.

Kama umeimiliki miaka 3 au zaidi mfululizo, na ukaishi humo jumla ya miaka 3 au zaidi, na faida haizidi milioni 15, hulipi kabisa. Lakini hata kwa msamaha, Msajili anataka cheti cha TRA kinachosema hakuna cha kulipa. TIN za pande zote mbili ziwe tayari.

Wakili_wa_Jioni:
Funguo usitoe hivi hivi. Akiingia kabla ya kumaliza kulipa, presha yote inahamia kwako. Kama lazima, andikeni mkataba mfupi wa upangaji: kodi ya mwezi, mwisho wake, marufuku kubomoa au kupangisha, na kifungu kwamba ataondoka mauzo yakivunjika. Piga picha mita ya LUKU na ya maji siku anayoingia.

Kwa benki: omba barua ya ahadi ya malipo iliyoandikwa kwa jina lako au la wakili wako, ikitaja kiasi na tukio litakaloachilia fedha. "Baada ya uhamisho" pekee haitoshi, maana uhamisho na rehani yao huwa vinasajiliwa kwa kufuatana. Iandikwe ndani ya siku ngapi tangu rehani kusajiliwa.

Halafu saini nyongeza ya mkataba. Muda mliokubaliana umeshapita, na kukaa kimya kunampa mnunuzi mwanya wa kusema wewe ndiye uliyekiuka. Tarehe mpya, nani anafuatilia nini, na asilimia 30 inakwenda wapi ikishindikana.

Kona_ya_Pili:
Nimefungua ripoti. Ukurasa wa idhini hauna muhuri. Pango nalo nadaiwa miaka miwili. Hati halisi nimpe afisa wa benki anayeiomba?

Wakili_wa_Jioni:
Hapana. Ibaki kwa wakili mpaka barua ya ahadi ifike. Ikitoka, itoke kwa kusainiana: namba ya hati, tarehe, jina na cheo cha anayepokea. Yeye apewe nakala iliyothibitishwa, kwa sasa inamtosha.