Vitamini D ya mama imetoka 17 mpaka 412, hii ni kawaida kweli?

Binti_Ujiji
Mwakeye ndugu zangu, naomba msaada kwa anayejua haya mambo ya vipimo maana hapa nyumbani tumechanganyikiwa. Mama ana miaka 61, alienda Dar kwa kaka akawa analalamika mifupa ya miguu na mgongo, wakampima vitamini D ikaja 17, daktari akasema iko chini akamwandikia kapsuli za 50,000 IU (ndio kipimo cha nguvu ya vitamini). Akarudi Ujiji na cheti, dawa kanunua huku huku duka la dawa na yule muuzaji akaandika kwa peni juu ya bahasha 1x1, basi mama akawa anameza moja kila siku asubuhi na uji, zikiisha ananunua zingine kwa sababu mwanzoni alisema anajisikia mwepesi. Sasa hivi imefika kama siku 40.

Wiki hizi mbili hali yake siielewi. Hana hamu ya kula, hata migebuka ya kukaanga ambayo ndio ugonjwa wake anaisogeza pembeni, choo hapati siku nne tano, maji anamaliza jagi zima na usiku anaamka kukojoa mara tano sita. Jana kaniuliza mara tatu kama nimefungia kuku na kila mara nilikuwa nishamjibu. Tukajua ni sukari, tumepima iko sawa, malaria hana. Ndio tukarudia vitamini D, sampuli ikapelekwa Mwanza, leo jibu limekuja kwa simu: 412. Mashine imekosea au? Na dawa aendelee au aache? Anatumia pia ya presha, ile ya kukojoza.

Mnyamwezi_wa_Cheyo
Pole sana dada. Ninavyojua mimi vitamini hazina shida, zikizidi mwili unazitoa kwenye mkojo na labda ndio maana anakojoa sana. Mpe mapapai na maji mengi choo kitalainika, za mifupa asiache maana atarudi kule kule.

Nesi_Kibirizi
Kaka Cheyo hapana, hapa tutamuumiza mama wa watu. Zinazotoka na mkojo ni vitamini C na zile za kundi la B. D inakaa kwenye mafuta ya mwili pamoja na A, E na K, ikizidi inajikusanya.

Binti, kapsuli asimeze tena hata moja, kuanzia sasa hivi. Halafu niangalizie kwenye majibu yote mawili, pembeni ya namba pameandikwa nini? Namba tupu bila kipimo chake haisomeki.

Binti_Ujiji
Ya Dar imeandikwa ng/mL, hii ya sasa nmol/L. Sikuwa nimeona kabisa.

Nesi_Kibirizi
Sawa. Ni kitu kile kile kinapimwa, 25-hydroxy vitamini D, ila kwa vipimo viwili tofauti, kama kilo na ratili. Nmol ukitaka kuileta kwenye ng unagawa kwa 2.5. Kwahiyo 412 inakuwa kama 165, na ile 17 ya mwanzo ungeizidisha ingekuwa 42 na kitu. Haijapanda mara ishirini na nne kama mlivyoona kwa macho, imepanda karibu mara kumi. Lakini usipumue bado, maana ukivuka 150 ng/mL hapo ndipo watu wanahesabu sumu. Watu wengi wanatosheka na 20 tu.

Ile kapsuli ya 50,000 kawaida inatolewa MOJA KWA WIKI, mara nyingi wiki 8, jumla 400,000. Mama kwa siku 40 ameshakula 2,000,000. Mtu mzima wa umri wake anahitaji kama 600 kwa siku, na kikomo cha kumeza bila kusimamiwa na daktari ni 4,000. Msome tena cheti cha Dar, nina hakika kimeandikwa kwa wiki.

Kinachomtesa hasa ni kalsiamu. D ikijaa hivyo utumbo unanyonya kalsiamu kupita kiasi na mifupa nayo inaachia, ikijaa kwenye damu ndio unaona kiu, mkojo, choo kigumu, kichefuchefu, kusahau sahau, na figo zinaumia kimya kimya. Hiyo dawa ya presha kama ni ya kundi la thiazaidi inaongeza tatizo kwa sababu inazuia kalsiamu kutoka kwenye mkojo. Usimuachishe mwenyewe, mwambie daktari.

Nenda hospitali LEO, usisubiri kesho, huko kusahau kunanitisha. Omba kalsiamu, kreatinini (inaonyesha figo zinavyofanya kazi), na moyo upimwe kwa ECG. Beba bahasha na dawa zote kwenye mfuko, hata za kienyeji, na kama ana vidonge vya kalsiamu navyo aviache.

Binti_Ujiji
Nimekisoma cheti. Kimeandikwa kwa wiki mara moja. Mwandiko mbaya lakini upo. Natafuta bajaji tunaenda.

Mnyamwezi_wa_Cheyo
Dada naomba radhi kwa nilichoandika juu, nilikuwa nasema nilichosikia. Nesi, sasa na sisi tunaoshinda juani shambani je, si itazidi?

Nesi_Kibirizi
Jua halizidishi kaka, ngozi ikishatengeneza ya kutosha jua lenyewe linaivunja inayobaki. Kuna utafiti ulifanyika hapa hapa kwetu Tanzania kwa Wamaasai na Wahadzabe, ukatoka 2012, wastani wao ulikuwa 115 nmol/L. Hao wanaishi juani maisha yao yote na hawafiki hata theluthi ya alipo mama yake Binti.

Binti_Ujiji
Narudi baada ya siku nne, samahani simu haikuwa na chaji. Kalsiamu ilikuwa 3.4 mmol/L, daktari akasema mwisho ni kama 2.6. Kreatinini imepanda pia. Walimlaza palepale, dripu za chumvi usiku na mchana, ile dawa ya presha wamembadilishia. Leo kalsiamu 2.8, ameenda choo, na asubuhi kanigombeza kwa nini kuku hawajapewa pumba. Bahasha nimeirudisha kwa yule muuzaji nikamuonyesha na cheti, alikaa kimya muda mrefu. Sasa wanasema Jumatatu anaweza kutoka, si ndio imeisha?

Nesi_Kibirizi
Alhamdulillah, nimefurahi sana. Ila D yenyewe bado ipo mwilini, inapungua nusu kwa wiki mbili tatu hivi, na yake ilikuwa nyingi, kwahiyo hata dripu ikitolewa kalsiamu inaweza kupanda tena akiwa nyumbani. Msitoke bila tarehe ya kurudia kalsiamu na kreatinini, ombeni iwe ndani ya wiki moja. Maziwa na dagaa muulize daktari kabla hujampa. Na ile kiu ikirudi au akianza kuuliza uliza tena, mrudishe hata kama ni usiku.

Binti_Ujiji
Wametupa Ijumaa ya wiki ijayo. Asante dada yangu, kapsuli zilizobaki 6 nimezikabidhi hospitali.