Naomba ushauri: watoto wanamshangilia mkata mikoko

Assalamu alaykum ndugu zangu. Tuko vijana 9 hapa Micheweni, Pemba, tunazunguka skuli na mchezo wa kuigiza kuhusu ukataji mikoko. Jamaa anakata, anauza kuni na boriti, mwisho maji ya chumvi yanaingia bonde la mpunga la mama yake mwenyewe.

Tatizo, mkataji ana maneno matamu, watoto wanamshangilia yeye. Tukaongeza hotuba mwishoni, wakaanza kuinuka. Tukamfanya katili, mchezo ukapooza, na kwa kweli sipendi, maana wapo ambao baba zao wanaishi kwa kazi hiyo.

Je, tusimamishe mchezo katikati, watoto wapande waamue wenyewe? Na wasichana tuwafanyeje nao wazungumze?